UZI: Ukurasa wa taarifa za washiriki kwenye utafiti wa ugonjwa wa moyo na ubora wa maisha, Mtwara na Lindi. Naomba muupitie

Chikongola
Wakuu salaam. Kuna rasimu ya dodoso la wagonjwa wa moyo wanaohudhuria kliniki Mtwara na Lindi, watu wazima, kuanzia miaka 18. Kipimo cha ubora wa maisha ni WHOQOL-BREF ya Kiswahili, dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani, maswali 26 yaliyogawanywa kwa maeneo kama afya ya mwili na mahusiano. Hicho hakinisumbui.

Kinachosumbua ni ukurasa wa kwanza. Umenakiliwa kutoka tasnifu ya mjini, na uko hivi: umri (18–30, 31–45, 46–60, 60 na zaidi), jinsia, ndoa (ameoa/ameolewa, hajaoa/hajaolewa, ameachika, mjane), elimu (hakuna, msingi, sekondari, chuo), kazi (ameajiriwa, amejiajiri, hana kazi), kipato kwa mwezi. Orodha za kliniki zikijumlishwa zina watu kama 600. Karatasi zinakwenda kuombewa kibali cha maadili wiki ijayo. Toeni makosa.

Mtu wa Takwimu
La kwanza liko wazi: mwenye miaka 60 anaingia kundi la tatu na la nne. Lakini hata ukirekebisha hilo, futa makundi yote. Andika umri kwa miaka kamili, namba tupu. Makundi utayatengeneza baadaye kwenye kompyuta. Ukikusanya makundi huwezi kurudi kwenye miaka, na huwezi kulinganisha na utafiti uliokata kwa 65.

Pia acha nafasi ya chanzo cha umri: 1 kitambulisho au cheti, 2 amesema mwenyewe, 3 umekadiriwa. Safu hiyo moja itakuokoa kwa mhakiki. Kwenye kitambulisho nako uwe macho. Tarehe za kuzaliwa za 1 Januari na 1 Julai zikijaa kupita kiasi, ujue nazo zilikadiriwa siku ya kujiandikisha.

Ukishapata watu, pima mrundikano wa 0 na 5. Chukua wote wa miaka 23 hadi 62, hesabu ambao umri wao unaishia na 0 au 5, zidisha kwa 500, gawanya kwa idadi ya wote wa miaka hiyo. Jibu likiwa karibu na 100 umri umekaa vizuri. Mfano wa kuchezea: watu 120, na 41 kati yao wanaishia na 0 au 5. 41 × 500 ÷ 120 = 171. Kwa viwango vya Umoja wa Mataifa chochote kati ya 125 na 175 ni takwimu za kukisia. Kwenye sampuli ndogo kipimo hiki ni king'ora tu, usikiandike kama matokeo.

Njomba wa Nanyamba
Miaka 60 wataongezeka wenyewe bila kuitwa 😄

Sista wa Zamu
Njomba anatania, ila kuna kitu hapo. Wazee wa miaka 60 kuendelea wasiojiweza wana msamaha wa matibabu. Mtu wa miaka 57 akiulizwa umri pale pale dirishani anakopatia huduma, ana sababu ya kuuvuta. Kwa hiyo msaili asikae chumba kimoja na anayeandika msamaha, na aseme mapema kwamba majibu hayaendi kwenye kadi wala kwa mhasibu.

Na kwenye dodoso lako sijaona mahali pa njia ya malipo. Weka: NHIF (bima ya afya ya taifa), CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), bima nyingine, msamaha, anajilipia. Kwa mgonjwa wa moyo hii ina uzito kuliko kazi. Dawa ni za kila siku, na swali la WHOQOL kuhusu kuwa na fedha za kukidhi mahitaji linagusa hapo hapo.

Mzee wa Nyangamara
Kukadiria umri kuna utaratibu wake, si kumwangalia mtu mvi. Tengenezeni kalenda ya matukio ya Kusini, karatasi moja, kila msaili awe nayo. Yafaa haya:

1947 mpango wa karanga unaanza, kwanza Kongwa na baadaye Nachingwea, 1951 unafungwa. 1961 Uhuru. 1967 Azimio la Arusha. 1973–1976 operesheni ya vijiji. 1975 Msumbiji inapata uhuru. 1977 elimu ya msingi kwa wote. 1978–1979 vita vya Kagera. 1985 Nyerere anang'atuka. 1995 Mkapa anaingia. 1999 Nyerere anafariki.

Halafu msiulize "ulizaliwa kabla au baada ya Uhuru?" Mtu atajibu lolote. Ulizeni alikuwa anafanya nini. "Wakati wa kuhamishiwa vijijini ulikuwa unabebwa, unachunga wadogo zako, umeshatoka jandoni, au una mke?" Aliyekuwa anabebwa mgongoni mwaka 1974 alizaliwa kati ya 1971 na 1974. Aliyekuwa na mtoto wake mgongoni ni mtu mwingine kabisa. Chukueni matukio mawili, moja la utotoni na moja la ukubwani, kisha muone kama miaka inakutana. Ikipishana zaidi ya mitano, ulizeni umri wa mtoto wa kwanza aliye hai na mwenye cheti.

Sista wa Zamu
Mzee, jando na unyago ningeviweka kama kizuizi cha chini na cha juu tu. Umri wa kuingizwa haukuwa mmoja kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, tena ngoma ilisubiri mavuno. Mwaka wa njaa watoto walisubiri, wakaingia wakubwa.

Mzee wa Nyangamara
Ni kweli. Ndiyo maana nimesema matukio mawili.

Bi Korosho
Niende kwenye kazi na kipato, maana hapo rasimu imeanguka vibaya.

"Amejiajiri" kwa huku ni watu wote. Mwenye mikorosho 400, mvuvi wa kukodi chombo, mama lishe na dereva wa bodaboda wote wanaingia kapu moja, halafu unataka kapu hilo likueleze kwa nini alama za afya ya mwili zimeshuka. Gawa hivi: mkulima, mvuvi, biashara ndogo, kazi ya mshahara, mstaafu, kazi za nyumbani, hafanyi kazi kwa sababu ya ugonjwa. Hiyo ya mwisho isikosekane. Mgonjwa wa moyo aliyeacha jembe mwaka juzi atakwambia "mimi mkulima", na ni kweli, shamba ni lake. Kwa hiyo yawe maswali mawili: kazi yako ni ipi, na je, katika miezi 12 iliyopita umeifanya kwa mikono yako? Wengine wanapalilia kwa vibarua na kulipa kwa mkopo wa korosho ambazo bado ziko juu ya mti.

Kipato kwa mwezi kifutwe. Mkulima wa korosho hana mwezi. Fedha inaingia msimu wa minada, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata. Ukimuuliza Machi atakwambia sifuri, ukimuuliza Desemba atakutajia fedha ya mwaka mzima. Yote mawili ni ya kweli na yote hayana maana kwenye jedwali.

Uliza kilo. Kila mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, anajua kilo alizopeleka ghalani msimu uliopita, na daraja la kwanza zilikuwa ngapi, la pili ngapi. Risiti huwa anayo. Ukitaka fedha utapiga hesabu mwenyewe kwa bei ya mnada wa chama chake, kisha utoe makato na gharama ya salfa ya kupulizia mikorosho. Asiyelima, uliza mali za kaya.

Mtu wa Takwimu
Nakubaliana kwa nusu. Kilo za korosho zitakupa wakulima tu, na huwezi kuwaweka mstari mmoja na mstaafu wa Lindi mjini. Kwa jedwali moja linalobeba watu wote, mali za kaya ndiyo njia: paa la bati au makuti, sakafu ya saruji au udongo, umeme wa gridi au sola, chanzo cha maji, aina ya choo, redio, simu janja, baiskeli, pikipiki. Vitu 10 hadi 12. Unatengeneza faharasa, yaani alama moja ya mali kwa kila kaya, unaigawa mafungu matatu. Mafungu matano kwa watu 200 yatakuachia watu 40 kila fungu, ukigawa tena kwa jinsia huna kitu.

Idadi ya mikorosho inayozaa iwe mojawapo ya mali, asiye nayo ni sifuri.

Bi Korosho
Sawa, ila uliza ya nani. Huku shamba linaweza kuwa la ukoo wa mama, mume analihudumia tu. Akiachwa anaondoka na jembe lake.

Chikongola
Shukrani Bi Korosho. Na hilo linanipeleka kwenye ndoa. Majibu manne yanatosha?

Sista wa Zamu
Hayatoshi. Pungufu ni tatu. Wapo wanaoishi pamoja bila ndoa. Wapo waliotengana bila talaka. Na kuna ndoa ya wake wengi, ambapo mke wa pili wa Kilwa ameolewa kwenye karatasi lakini mume yuko kwake usiku kwa zamu, au yuko Liwale miezi minne. "Mjane" nalo walisome vizuri: mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane, msaili akisema mjane wengine wanacheka na swali linaharibika.

Lakini hata ukipanua hadi majibu saba, kwa mgonjwa wa moyo ndoa si swali lenyewe. Swali ni nani anamsaidia. Mwanamke wa Kimwera au Kimakonde aliyeachwa mara nyingi anaishi kwenye uwanja wa mama yake, na dada zake wapo hatua ishirini. Mwenzake aliye kwenye ndoa, kapanga chumba mjini na mume anashinda baharini, anaweza kuwa mpweke kumzidi. Ongeza maswali mawili tu: "Usiku wa jana ulilala nyumba moja na watu wazima wangapi?" na "Nani anakuchotea maji ukiwa umevimba miguu?" La pili liachwe wazi, liandikwe kwa maneno yake, mfano binti, dada, jirani, ananunua, hakuna. Utashangaa linavyokwenda sambamba na alama za mahusiano.

Njomba wa Nanyamba
Hilo la maji liko sawa. Ndoo ya lita 20 haina siri.

Mtu wa Takwimu
Zuri, ila lisihamie ndani ya WHOQOL-BREF. Kile ni kipimo kilichokwishapimwa, ukibadilisha neno umetengeneza kingine. Maswali ya kienyeji yakae ukurasa wa kwanza.

Mzee wa Nyangamara
Elimu. "Hakuna, msingi, sekondari, chuo" inawaonea wazee. Yupo aliyeishia darasa la nne la zamani, yupo aliyefika la nane, na yupo wa elimu ya watu wazima ya miaka ya sabini. Wote hao wakisema "msingi" mmewachanganya na mhitimu wa la saba wa juzi. Andikeni darasa la mwisho alilomaliza, namba. Kisha swali la pili: madrasa miaka mingapi. Si kwa ajili ya dini. Pwani yote kuanzia Kilwa hadi Mikindani wapo watu ambao shule ya serikali hawakuikanyaga na wanasoma vizuri kwa herufi za Kiarabu. Kumwandika mtu huyo "hakuna" ni uongo.

Chikongola
Mzee, dini na kabila je? Rasimu ya awali ilikuwa navyo.

Mtu wa Takwimu
Sensa ya 2022 haikuuliza vyote viwili. Kamati ya maadili itakuuliza unavitaka vya nini, na kama huna jibu vitoe. Kinachohitajika ni lugha: mahojiano yamefanyika kwa Kiswahili kitupu au kwa msaada wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua? Liandikwe na msaili baada ya kumaliza. Kipimo ni cha Kiswahili, na sentensi iliyotafsiriwa papo kwa papo na mjukuu si sentensi ile ile.

Makazi nayo: mkoa, halmashauri, kijiji au mtaa, na je, ameishi hapo miezi 6 iliyopita? Kwa wanaovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutibiwa hili linatosha, huna haja ya kuuliza uraia na kumtisha mtu.

Sista wa Zamu
Sasa niseme jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote haya. "Ugonjwa wa moyo" ni nini kwenye utafiti huu? Kwenye foleni kuna mwenye presha tu ambaye moyo hauna kasoro, kuna wa "moyo mkubwa", kuna wa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utoto, kuna mama ambaye moyo ulishindwa mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Wote wanasema "nina moyo". Msichukue neno la mgonjwa wala neno la kadi. Chukueni majibu ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na tarehe yake.

Hii inaingia kwenye jedwali moja kwa moja, kwa sababu umri unafuata aina ya ugonjwa. Wa vali na wa uzazi ni vijana, wa presha ni watu wazima na wazee. Ukiandika wastani wa miaka 51 kwa wote, umeandika umri ambao karibu hakuna mgonjwa anao: kuna kilima kimoja kwenye ishirini na thelathini, kingine kwenye sitini. Toa umri kwa kila aina, mediani (umri wa mtu wa katikati) na robo zake mbili.

Mtu wa Takwimu
Naunga mkono. Na msishtuke umri wenu ukiwa chini ya wa Ulaya. Utafiti wa THESUS-HF uliochukua wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika ulipata wastani wa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa presha, si mishipa ya moyo kuziba. Ulaya na Marekani wagonjwa wa aina hiyo huwa kwenye sabini. Kwa hiyo ukilinganisha alama za ubora wa maisha za huku na za kule bila kusawazisha umri, unalinganisha mtu aliyekatishwa kazi na mtu aliyekwisha kustaafu.

Ukubwa wa sampuli umefikaje?

Chikongola
Kanuni ya kawaida: p (uwiano unaokisiwa) ya 0.5, kosa la 0.05, ikatoka 384. Tukaongeza asilimia 10.

Mtu wa Takwimu
Hiyo ni ya kukadiria asilimia. Wewe unakadiria alama, 0 hadi 100. Tumia mkengeuko sanifu, yaani kiasi alama zinavyotawanyika. Tuseme 20, na unataka usahihi wa alama 2.5: 1.96 × 20 ÷ 2.5 = 15.68, kipeo chake cha pili 245.9, yaani watu 246. Orodha yako ni 600, kwa hiyo punguza: 246 ÷ (1 + 245/600) = 174.7, yaani 175. Kwa watakaokataa, gawanya kwa 0.9, usizidishe kwa 1.1. Inatoka 195. (Hiyo 20 ni ya mfano, itafute kwenye majaribio yenu ya awali.)

Ila kabla hujafurahi, hesabu nafasi ambazo safu zako zitakula kwenye modeli ya uchambuzi: makundi, toa moja. Ndoa ya makundi 4 inakula nafasi 3, elimu ya 4 inakula 3, kazi ikiunganishwa hadi makundi 5 inakula 4, daraja la NYHA (ukali wa moyo kushindwa, la kwanza hadi la nne) linakula 3, umri 1, jinsia 1, mkoa 1. Jumla 16. Ukibaki na watu 175 baada ya wanaokataa, kila nafasi ina watu kama 11. Inapita kwa shida. Ukiweka majibu saba ya ndoa kama Sista alivyosema, yakusanye hivyo kisha uyaunganishe kabla ya uchambuzi, na uamue sasa utayaunganishaje, si baada ya kuona matokeo.

Bi Korosho
Na mnakusanya lini? Oktoba hadi Desemba wanaume wako mashambani au ghalani, kliniki itakuwa ya wanawake. Januari hadi Aprili mvua, wa Liwale na Nanyumbu hawafiki. Ukikusanya miezi miwili tu, jinsia na wilaya kwenye jedwali ni picha ya msimu, si ya wagonjwa.

Sista wa Zamu
Kweli kabisa. Fanyeni walau vipindi viwili, kimoja cha korosho na kimoja cha kati ya Juni na Agosti. Tarehe ya mahojiano iingie kwenye data. Na muulize kama leo amemeza dawa ya kukojoza. Wengi wanaotoka mbali wanairuka siku ya safari kwa sababu basi halisimami kila wanapotaka. Anafika amevimba na pumzi fupi, halafu anaulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita. Anajibu ya leo.

Wanaokataa nao waandikwe, jinsia na umri wa kukisia tu kama kamati itaruhusu. Na wasioweza kuja kabisa, wale wa daraja la nne, hawamo kwenye orodha ya siku hiyo. Semeni hivyo wazi kwenye ripoti.

Chikongola
Nimebadilisha karibu kila mstari. Bado mawili. Moja, ndugu anaruhusiwa kumjibia mzee? Pili, nikose majibu, naandikaje asilimia?

Mtu wa Takwimu
Ukurasa wa kwanza ndugu anaweza kusaidia: umri, kilo, darasa. WHOQOL-BREF hapana, ile ni ya mwenyewe. Weka alama ya nani amejibu nini.

Asilimia: kila safu iwe na kigawanyo chake. Mfano wa kuchezea, washiriki 212, wanawake 131, ni 61.8. Elimu imekosekana kwa watu 7, basi kigawanyo ni 205: wasiosoma shule 58 ni 28.3. Ukigawanya kwa 212 unapata 27.4, na safu nzima haifiki 100. Waliokosekana wape mstari wao, usiwafiche kwenye "nyingine". Na desimali moja inatosha, tafadhali.

Sista wa Zamu
Majibu yatakayokosekana zaidi si ya ukurasa wa kwanza. Ni swali la 21, la kuridhika na maisha ya tendo la ndoa. Kijana wa miaka 24 akimuuliza bibi wa 68, bibi atatazama dirishani. Eneo la mahusiano lina maswali matatu tu, likikosekana moja bado linahesabika, yakikosekana mawili eneo lote limekwenda. Pangeni wasaili kwa jinsia, na kwa wazee tafuteni msaili mtu mzima. Jinsia na umri wa msaili viandikwe.

Njomba wa Nanyamba
Hapo hata mie ningetazama dirishani.

Chikongola
Mzee, swali la kusoma. Nikitaka kupima kama anasoma badala ya kumuuliza, kadi iandikwe nini?

Mzee wa Nyangamara
Sentensi fupi isiyo na dini wala siasa. "Mvua ilinyesha jana usiku." Herufi kubwa, upande wa pili sentensi hiyo hiyo kwa herufi za Kiarabu. Asome kwa sauti: yote, sehemu, hakuweza. Na muwe na kisanduku cha nne, miwani imebaki nyumbani.